Nyumba ya kwanza Minnesota: ni Juni, joto kali, tuanzie wapi kujiandaa na winta?

Dada mmoja ameniandikia kutoka Brooklyn Park. Yeye na mume wake wamenunua nyumba mwezi wa nne, nyumba isiyo na ghorofa, ya mwaka 1968, yenye besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, baada ya miaka 6 ya apatimenti ambako joto lilikuwa ndani ya kodi. Anasema: “Kaka, mzee jirani yetu ameniambia tuanze kujiandaa na winta sasa hivi, na mimi naona ni Juni, watoto wanachezea maji nje. Kweli kuna haja au ni uoga wa wazee? Fanesi ya gesi, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, iko besimenti sijawahi hata kuigusa. Tuna kama dola 1,500 za kutumia, kuna kijana amepita mlangoni anauza madirisha mapya kwa mkopo, na Desemba tunaenda Mwanza wiki nne. Tuanzie wapi?”

Dada, kwanza hongereni sana. Najua safari ya kufika kwenye funguo za nyumba yako mwenyewe huku ugenini, krediti, makaratasi, dauni pementi, kwa kweli hongereni. Halafu huyo mzee jirani yenu mshikeni vizuri, mpelekeeni hata sahani ya pilau, manake amewaambia kitu ambacho wengi wetu tunakuja kukijua Januari maji yakishaganda ukutani. Mimi kazi yangu ni insulesheni, yaani vitu vya kuzuia joto lisitoke ndani ya nyumba, na mitambo ya joto hapa Twin Cities, Minneapolis na St. Paul, mwaka wa 14 huu, na simu za kilio napigiwa Desemba na Januari, mtu analia kabisa, na nyingi zilikuwa kazi ya asubuhi moja kama ingefanywa mwezi kama huu.

Haja ipo, na sababu si uoga. Dawa za kuzibia nyufa za akriliki, ambazo wengi tunaziita silikoni tu, nyingi zimeandikwa kwenye kopo lake usipake kukiwa chini ya 40 za Fahrenheit, yaani kama 4 za Selsiasi kwetu, kwa hiyo ukisubiri Novemba unapaka kitu kisichoshika. Rangi ya nje hivyohivyo, zege la ngazi hivyohivyo. Udongo nao ukishaganda hupeleki koleo popote, sheria ya ujenzi upande huu wetu inataka msingi ushuke inchi 42, zaidi ya mita moja, na kaskazini mwa jimbo inchi 60, kwa sababu baridi inaingia ardhini kiasi hicho. Na msitegemee kalenda: mwaka 1991 theluji ilianza tarehe 31 Oktoba, watoto wako nje wanaomba pipi za Halloween, ilipokoma Twin Cities ilikuwa na inchi 28.4, mtu aliyekuwa amepanga “wikiendi ijayo nitasafisha gata”, ile mifereji ya maji ya paa, ndo basi tena mpaka Machi. Na tarehe 30 Januari 2019 kipimo cha uwanja wa ndege wa Minneapolis kilisoma 28 chini ya sifuri za Fahrenheit, hiyo ni kama 33 chini ya sifuri za Selsiasi, na upepo juu yake. Wiki ile nililala saa chache sana.

Sasa kijana wa madirisha. Msisaini kitu. Kama mmeshasaini hapo sebuleni kwenu, sheria ya serikali kuu inawapa siku 3 za kazi kufuta mkataba wa namna hiyo kwa maandishi, hesabuni siku leo hii. Sisemi madirisha mapya ni mabaya, dirisha lililooza mbao libadilishwe, ila kwa nyumba kama yenu na dola 1,500 mfukoni, madirisha kwa mkopo wa miaka ni kununua koti la bei huku viatu vina matundu. Na kama anawaambia serikali itarudisha asilimia 30 kwenye kodi, ule unafuu wa kodi kwa madirisha na insulesheni uliisha tarehe 31 Desemba 2025, sasa hivi mtu anayeuza kwa maneno hayo ama hajui ama anajua.

Kwa nini nasema hivyo, ngoja nieleze maana hapa ndo kiini cha yote. Unakumbuka jiko la kuni kijijini, moshi unapanda juu, masizi yanajaa kwenye paa? Hewa ya moto inapanda, ndo tabia yake. Nyumba yako wakati wa winta inafanya kazi kama bomba la moshi. Fanesi inapasha hewa, hewa inapanda mpaka dari, na kama dari lina matundu inatoka kwenda darini, ile nafasi chini ya paa ambayo huku wanaita atiki, na inapotea juu. Sasa kila hewa inayotoka juu lazima nafasi yake ijazwe, na inajazwa na hewa ya baridi inayonyonywa kutoka chini, kwenye nyufa za besimenti, chini ya milango, pembeni mwa madirisha. Wewe umekaa kwenye kochi unasikia baridi miguuni karibu na dirisha, unasema dirisha bovu, unatumia dola elfu 10, kumbe kinachovuta ile baridi ni tundu lililo juu ya kichwa chako ambalo hujawahi kuliona. Nimeingia nyumba za watu waliobadilisha madirisha yote na bili ikashuka kidogo tu, unapanda juu unakuta tundu la bomba la choo mkono wangu unapita wote.

Kwa hiyo mnaanzia darini. Tafuteni ule mlango mdogo kwenye dari, mara nyingi uko ndani ya kabati la nguo au kwenye korido. Ila Juni na Julai mchana huko juu kunaweza kufika joto la kumzimisha mtu, sifanyi mchezo na hilo, pandeni alfajiri saa 11 kabla jua halijapiga paa, mtu mmoja juu mmoja chini anaongea naye, maski nzuri usoni, mikono mirefu, na ukanyage mbao tu, ukikanyaga katikati ya mbao mguu unatokea sebuleni. Chukua rula na simu ya kupigia picha.

Kabla hujagusa chochote angalia kilichomwagwa kule ni nini. Kama ni manyoya ya pinki, ya njano au meupe, hiyo ni faibaglasi. Kama ni kijivu kama gazeti lililosagwa, hiyo ni selulozi. Lakini ukiona kokoto nyepesi za rangi ya kahawia zinang'aa kidogo kama dhahabu, zimejikunja kama akodioni, shuka, funga mlango, usiguse tena. Hiyo ni vamikulaiti, na nyingi iliyowekwa kwenye nyumba za Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, ambao uliendelea kufanya kazi mpaka 1990 na madini yake yalichanganyika na asbesto. Sehemu ya mzigo ule ilichakatwa hapahapa Northeast Minneapolis, kwa hiyo kwetu siyo habari ya mbali. Asbesto ukiivuta ugonjwa unakuja miaka mingi baadaye. Ikikaa bila kuchokozwa hatari ni ndogo, ikichokozwa ndo vumbi linashuka kwa watoto, hapo anaitwa mtu mwenye leseni ya asbesto, siyo mimi wala siyo shemeji.

Kama siyo hiyo, pima kina. Kiwango cha nyumba mpya hapa ni R-49, R ni kipimo cha insulesheni inavyozuia joto, ambayo ni inchi 14 mpaka 18 hivi kutegemea aina ya insulesheni, na nyumba za miaka ya 60 ambazo hazijaguswa mara nyingi nakuta inchi 4 mpaka 6, imelala kabisa kama godoro la bweni. Hapo watu wanakimbilia kumwaga insulesheni mpya juu ya ile ya zamani na hilo ndo kosa ninalolipigania kila siku: zibeni matundu KWANZA. Insulesheni ni kama sweta, upepo unapita katikati yake. Funua ile ya zamani taratibu utafute mahali bomba la choo linapita, nyaya za umeme zinaposhuka kwenye kuta, sehemu ambayo juu ya kabati la jikoni hakuna dari, ukiona insulesheni imekuwa nyeusi chafu ujue hapo hewa imepita miaka yote, ule uchafu ni vumbi lililochujwa. Tundu dogo silikoni, la kati povu la kopo, kubwa kata kipande cha ubao wa insulesheni halafu ulizungushie povu. Isipokuwa kuzunguka bomba la moshi la fanesi au chimni, pale povu la kawaida linaweza kuwaka, panatakiwa bati na silikoni ya moto. Taa zilizozama ndani ya dari za zamani pia zisifunikwe hivihivi, zinapata moto. Na pembeni kabisa paa linapokutana na ukuta kuna matundu ya hewa yaliyowekwa makusudi, yale usizibe, paa linahitaji kupumua. Mlango mdogo wenyewe uwekee mpira pembeni na ubao mnene wa insulesheni mgongoni.

Feni ya bafuni ifuatilie bomba lake. Nyingine zinatema mvuke palepale darini, na winta ule mvuke unaganda kwenye misumari ya paa, Machi unayeyuka, unaona mabaka kwenye dari unadhani paa linavuja.

Haya yote yanahusu bili, ila yanahusu paa pia. Joto likivuja darini linayeyusha theluji iliyo juu ya paa, maji yanashuka mpaka ukingoni ambako hakuna joto chini yake, yanaganda, siku ya pili yanaongezeka, unapata ukuta wa barafu pale juu ya gata. Maji yanayofuata hayana pa kwenda yanarudi nyuma chini ya vigae na yanashuka ndani ya ukuta wa chumba cha mtoto. Ukiona nyumba ina mikuki mirefu ya barafu inaning'inia watu wanapiga picha ni nzuri, mimi naona joto la mtu linapotea. Kuna familia moja ya watu wetu walilipa kubomoa barafu kwa mvuke winta mbili mfululizo, wakabadilisha na gata, tulipoziba darini winta ya tatu paa likakaa na theluji yake nyeupe mpaka Machi.

Kama kupanda juu hamuwezi, hakuna aibu, ombeni ukaguzi wa nishati wa nyumba. Hapa kuna Home Energy Squad, inaendeshwa na Center for Energy and Environment pamoja na Xcel Energy na CenterPoint Energy, kampuni za umeme na gesi, bei yake ni ndogo ukilinganisha na unachopata, na baadhi ya miji inachangia, piga simu manispaa ya kwenu uulize. Omba ukaguzi wenye kile kipimo cha feni mlangoni: wanafunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, inatoa hewa ya ndani kwenda nje, halafu unatembea na mkono wako ndani ya nyumba unasikia kila tundu linavyopuliza. Juni wana nafasi. Oktoba utasubiri foleni. Na kabla ya kumlipa fundi yeyote wa insulesheni uliza kampuni ya gesi marejesho yao yanadai nini, kazi ikishaanza bila vipimo vya mwanzo unaweza kukosa.

Besimenti ni ndugu yake dari, huku baridi ndo inaingilia. Nenda mahali mbao za sakafu ya juu zinapokalia ukuta wa zege, zunguka nyumba nzima na tochi. Utaona utando wa buibui unacheza, hapo kuna upepo. Kata vipande vya ubao wa povu viingie kati ya mbao na mbao, ziba pembeni kwa povu la kopo. Kwa mtu mzima hiyo ni kazi ya siku moja. Tundu la waya wa tivii, la bomba la gesi, la bomba la maji, yote. Mkiziba matundu hayo mnaziba na panya, panya wa huku anapita tundu la robo inchi na Septemba anatafuta chumba, kwenye tundu la nje shindilia kwanza waya wa chuma wa kusugulia sufuria ndo upake silikoni juu, hawezi kuutafuna.

Fanesi sasa. Leo jioni fungua madirisha, peleka themostati, kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto, kwenye hiti, pandisha nyuzi 5 juu ya joto la ndani uiache iwake dakika 10. Harufu ya vumbi linaloungua mara ya kwanza ni kawaida, inaisha. Ikikataa kuwaka umejua Juni, mafundi hawana kazi nyingi, utapewa bei tatu na utachagua, tofauti na kulijua tarehe 20 Desemba usiku na watoto wako ndani. Hata ikiwaka, ita fundi aisafishe na kuikagua kabla ya Septemba, dola 100 mpaka 200 hivi, mwambie akuonyeshe bana, pale gesi inapowakia, usikae juu wakati yuko chini, muulize ina umri gani, aangalie chemba ya moto kama ina ufa. Na filta! Nimefungua filta nene kama blanketi. Ile ya inchi moja iangalie kila mwezi wakati wa winta, ibadilishe ikiwa chafu, saizi imeandikwa pembeni, nunua pakiti ya 6 uiweke hapohapo besimenti. Tena angalia moshi unatokea wapi: kama ni mabomba mawili meupe ya plastiki ukutani nje, weka alama leo, manake theluji ikiyafunika fanesi inajizima au gesi mbaya inarudi ndani, na ukiwa umepanda maua mbele yake au umepanga kuni hapo, viondoe.

Hapo kwenye gesi mbaya naomba unisikilize kama kaka yako. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Sheria ya Minnesota inataka alamu yake iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, ni kama mita 3. Geuza zilizopo uangalie tarehe nyuma, zinaisha muda, na nyumba mliyonunua inaweza kuwa na za miaka 12 zinawaka taa ya kijani bila kunusa chochote. Hizo ndo za kwanza kununua, kabla hata ya silikoni. Na umeme ukikatika usiku wa baridi, hata iweje, jiko la mkaa lisiingie ndani, wala la kuchomea nyama, wala gerejini hata mlango ukiwa wazi, wala oveni ya gesi isigeuzwe hita. Tumekulia nyumba zenye madirisha wazi na makuti yanayopitisha hewa, mkaa ukawaka jikoni mtu asipate kitu. Nyumba za huku zimefungwa, na kadri utakavyoziba matundu niliyokwambia ndivyo zitazidi kufungwa. Nimekwenda kwenye mazishi kwa sababu hii. Blanketi, watu wote chumba kimoja, au nenda kwa jirani hata saa 9 usiku gonga mlango.

Maji. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na hakuna bomba la shaba litakaloyazuia. Kitu cha kwanza, leo hii, wewe na mume wako na mtoto mkubwa mjue valvu kuu ya maji iko wapi na mjaribu kuifunga na kuifungua, nyingine imeshika kutu haijaguswa miaka 20, afadhali mjue saa hizi. Itundikeni kikaratasi. Pili koki za nje: mwisho wa Septemba mnatoa mpira wa maji, wote, hata kama muuzaji wa nyumba alisema koki ni ile isiyoganda. Ile haigandi kwa sababu maji yanajimwaga yenyewe ukifunga, ukiacha mpira umechomekwa hayana pa kwenda, bomba linapasuka ndani ya ukuta na hutajua mpaka Mei utakapofungua kumwagilia mchicha. Tatu, angalia sinki lolote lililo kwenye ukuta wa nje, mabomba yake yako karibu na baridi.

Gata zisafishwe baada ya majani kuanguka lakini kazi ya sasa hivi ni mabomba yanayoshusha maji, yaongezwe urefu yamwage futi 4 mpaka 6 mbali na msingi, na udongo unaozunguka nyumba uinuke kidogo ukutani ushuke kwenda nje. Maji yakituama kwenye msingi Novemba yanaganda na kusukuma ukuta wa besimenti. Ukichimba hata kwa ajili ya nguzo piga 811 kwanza, ni bure, wanakuja kuweka alama za mabomba ya gesi na nyaya. Kama kuna pampu ya kutoa maji besimenti, mwaga ndoo ya maji uone kama inawaka.

Milango na madirisha mliyonayo: mpira mpya wa kuzunguka mlango, ufagio wa mpira chini yake, silikoni kwa nje kwenye fremu sasa hivi kukiwa na joto, na Novemba ile plastiki ya kubandika ndani inayokazwa kwa draya ya nywele. Zote hazifiki dola 150. Kuna jambo moja watu wetu hawaambiwi. Sisi tunapika, maharage kwa masaa 3, nyama, ugali, chai inachemka mchana kutwa, na watoto wanaoga maji moto, ule mvuke ukikutana na kioo cha dirisha siku ya 20 chini ya sifuri unageuka maji, unatiririka, na mbao inaoza, nyuma ya kabati la nguo ukutani unaota ukungu mweusi, watoto wanaanza kukohoa. Hakikisha feni ya juu ya jiko inapeleka moshi nje kweli, nyingi zinazungusha tu mlemle ndani. Iwasheni kila mkipika, ya bafuni iendelee dakika 20 baada ya kuoga. Usisukume kabati likagusa ukuta wa nje.

Mwanza wiki nne. Hapa ndo nina hofu nanyi zaidi, manake kila Januari kuna familia inarudi kutoka nyumbani inakuta dari liko sakafuni. Mtu anafikiri hakuna watu, nizime fanesi nisave. Hapana. Themostati isishuke chini ya 55, hiyo ni kama 13 ya Selsiasi. Fungeni valvu kuu ya maji, halafu fungueni koki zote hadi zikauke, choo mvute, hita ya maji iwekeni kwenye alama ya likizo. Milango ya makabati chini ya sinki iacheni wazi joto liingie. Filta mpya siku ya kuondoka. Mpeni mzee jirani funguo, aingie kila baada ya siku mbili aguse tu themostati na aangalie mabomba meupe ya nje, na mlipeni kijana asafishe theluji njiani, nyumba yenye theluji ya wiki mbili bila nyayo inawaambia wezi kila kitu. Na someni bima yenu mwezi huu, nyingi zinasema hawalipi bomba lililoganda kama hukuacha joto limewashwa au hukufunga maji, wengine wanataka na mtu wa kukagua, maneno hayo yapo kwenye mkataba uliosaini siku ya funguo. Themostati ya intaneti inayokutumia meseji joto likishuka nayo nunueni, utaiangalia ukiwa Mwanza, ukiona 48 unampigia jirani.

Hesabu ya dola 1,500 mimi ningeigawa hivi: alamu 3 au 4 za kaboni monoksidi na moshi, 150. Fundi wa fanesi, tuseme 200 na filta zake. Ukaguzi wa nishati, weka 150. Themostati 120. Silikoni, povu, mbao za povu, mipira ya milango, mabomba ya gata, 300. Inabaki kama 580, msiziguse mpaka ripoti ya ukaguzi itoke, zitaanza kazi ya darini, na kama inazidi hapo fanyeni kuziba matundu mwaka huu, insulesheni ya kuongeza ifuate mwakani. Kama kipato chenu kinaruhusu, Minnesota ina mpango wa Weatherization ambao mafundi wanakuja kuziba na kuweka insulesheni bure, na msaada wa bili za joto ambao maombi yake yanafunguliwa Oktoba, siyo mkopo. Kwa kaunti ya Hennepin, ndiko iliko Brooklyn Park, waulizeni Community Action Partnership of Hennepin County, ulizeni sasa hivi, foleni ya Weatherization ni ndefu.

Mpigie simu CenterPoint mwombe malipo ya wastani, wanagawa gharama ya mwaka kwa miezi, Juni mtalipa zaidi kidogo ya mlichotumia na Januari hamtashtuka, nyie mliotoka apatimenti bili ya kwanza ya Januari inaweza kuwatoa machozi. Na ikitokea mambo yamekaba kabisa, kuna sheria ya jimbo inaitwa Cold Weather Rule, kuanzia 1 Oktoba mpaka 30 Aprili, inawakinga msikatiwe joto, ila haijiwashi yenyewe: lazima mpige simu, mkubaliane kiasi mtakacholipa, na mkilipe kwa wakati. Watu wetu wengi wanaona haya kupiga ile simu wanakaa kimya mpaka barua ya tatu. Pigeni siku ile ya barua ya kwanza.

Mambo madogo: koleo mbili za theluji na chumvi nunueni Septemba, mashine ya kurusha theluji iliyotumika inauzwa rahisi mwezi huu kuliko Novemba lakini iwasheni mbele ya muuzaji, na ulizeni manispaa ya kwenu njia ya miguu mbele ya nyumba inatakiwa isafishwe ndani ya muda gani, Minneapolis kwa mfano ni saa 24 baada ya theluji kukoma kwa nyumba za familia moja. Mtu akigonga mlango anasema paa lenu limepigwa na mvua ya mawe na atawalipia ile sehemu ya bima inayowahusu nyie, mfungieni mlango, kwa fundi wa paa huku hiyo ni kinyume cha sheria, na leseni ya kontrakta yeyote inaangaliwa bure kwenye tovuti ya Department of Labor and Industry.

Jumamosi alfajiri mkipanda darini nipigieni picha 4: insulesheni kwa karibu, rula ikiwa imesimama ndani yake, bomba la choo linapopita, na pembeni kabisa paa linaposhuka. Nitumieni kabla hamjanunua kitu chochote cha darini, na kama mkiona zile kokoto za kahawia, nipigieni simu hapohapo hata kama ni saa 11 na nusu.